Mlimani, Makerere au Nairobi? Kwa anayetaka kwenda kufanya utafiti kweli

Juzi usiku mpwa wangu kanipigia, kamaliza digrii ya kwanza ya zuolojia, matokeo yake mazuri, anataka mastazi ya utafiti na Mungu akijalia PhD baadaye, na swali lake lilikuwa fupi tu, "Mjomba, kati ya Mlimani, Makerere na Nairobi niende wapi?" Mlimani ndo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, Makerere kiko Kampala, na Nairobi ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Nikamuuliza unataka kutafiti nini. Kimya. Afu akasema, "Kwanza nipate chuo mjomba, hayo mengine yatafuata." Nikamwambia hapana, hapo ndo wengi mnapoanzia vibaya, na tukaongea mpaka saa sita na nusu usiku, simu ikapata moto sikioni. Haya ninayoandika ni yale niliyomwambia pamoja na mengine niliyoyakumbuka asubuhi yake, maana najua wako wengi wenye swali hilohilo.

Niweke wazi mapema, vyuo vyote vitatu nimevikanyaga, kimoja nilisoma na viwili nilienda kwa kazi kwa vipindi tofauti, sitasema kipi ni kipi ili mtu asije akaona napigia debe kwetu. Na hapa situmii zile orodha za mtandaoni zinazosema chuo fulani ni cha ngapi Afrika, orodha zinabadilika kila mwaka na hazikwambii nani atakaa chini asome sura yako ya pili akuonyeshe ulipokosea. Mimi naangalia chuo kimekuwa kikiuliza maswali gani miaka yote hii, maana chuo cha utafiti kinarithi maswali kama mtoto anavyorithi shamba la babu yake, ukikuta watu wamelima hapo miaka 50 utakuta udongo umelainika, vifaa vipo, data za zamani zipo, wazee wa kuuliza wapo.

Kitu cha kwanza wengi hawajui, hawa watatu wametoka tumbo moja. Mwaka 1963 walikuwa chuo kimoja kabisa, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wa chuo, na wakagawana kazi ili nchi tatu changa zisipoteze hela kwa kujenga kitu kilekile mara tatu: udaktari na kilimo vikawa Makerere, uhandisi na utabibu wa mifugo Nairobi, sheria Dar. Ikaenda miaka saba tu. Kila nchi ikataka madaktari wake na mainjinia wake kwa idadi yake, na ilipofika 1970 wakaachana, kila mmoja akawa chuo kikuu kamili. Lakini ule mgawanyo wa kwanza haujafutika mpaka leo, ukitembea kwenye hizo kampasi unauona kabisa, na kwa mtu anayechagua leo ni taarifa ya maana kuliko brosha yoyote.

Ndani ya tumbo moja lakini kila mmoja alizaliwa kwa namna yake. Makerere ndo mkubwa, 1922, ilianza kama shule ya ufundi yenye vijana 14 wanafundishwa useremala, ujenzi na umakanika, hakuna aliyefikiria shahada. Kaulimbiu yao ya kwanza iliwahimiza "tuwe wanaume", mpaka 1945 walipoingia wanawake wa kwanza ikabidi ibadilishwe, wakaja na hii ya sasa ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Mwaka huohuo wa 1945 Katikiro yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alipigwa risasi kwenye kanisa kuu la Namirembe siku moja baada ya kupitisha sheria iliyowezesha chuo kupata ardhi ya kupanuka. Jina lake limebaki kwenye bweni moja pale, Nsibirwa, na wanafunzi wengi wanalala humo bila kujua mtu alilipia nini.

Nairobi imechanganya damu mbili, serikali ya kikoloni ilitaka chuo cha ufundi, na Wahindi wa Afrika Mashariki nao walikuwa wamechanga pesa kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi, mwisho vikaunganishwa, wanafunzi wa kwanza wakaingia 1956. Ndo maana ukiingia kampasi kuu unakuta Gandhi Wing na sanamu yake. Chuo cha mjini kabisa hiki, ukitoka getini uko barabarani, magari na mabenki na ofisi za serikali, na tabia yake mpaka leo ni ya mjini. Kaulimbiu yao ni ya Kilatini, maana yake kwa umoja na kwa kazi.

Dar ndo kitindamimba. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, masomo yakaanza kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi wa sheria hawafiki hata 20, hakuna kampasi, hakuna maktaba ya maana. Walihamia kule kilimani mwaka 1964. Na kati ya hawa watatu, Dar peke yake ndo kina kaulimbiu ya Kiswahili, Hekima ni Uhuru. Mimi hayo maneno nayapenda na sioni haya kusema hivyo. Wale mlioshika ile noti ya mia tano kabla haijawa sarafu mtakumbuka nyuma yake kulikuwa na Nkrumah Hall na lile paa lake lililokunjwakunjwa, yaani nchi iliweka chuo kwenye hela inayonunua vitumbua.

Sasa tuje kwenye maadili ya chuo, na hapa naomba msome taratibu kidogo. Kila chuo kina ukurasa wa maadili yao, ukweli, ubora, uwajibikaji, ubunifu, ukiweka vyuo kumi pembeni kwa pembeni utadhani vimeandikwa na mtu mmoja. Maadili ya chuo unayajua siku yalipogharimu kitu.

Dar siku hiyo ni tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, wakafika mpaka Ikulu, Nyerere akawasikiliza, akakasirika kwelikweli, zaidi ya 300 wakarudishwa makwao, na siku hiyohiyo yeye akajikata mshahara wake asilimia 20. Lile tukio ndo lilibadilisha chuo. Swali likawa, chuo hiki kinasomesha watu kwa faida ya nani? Baada ya hapo ndo ule mlima ukawaka moto wa mijadala, Walter Rodney akafundisha historia pale na kumalizia kile kitabu chake kilichosomwa dunia nzima kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, Terence Ranger akawa ameshaanzisha idara ya historia inayoandika Mwafrika kama mtu anayetenda na sio mtu anayetendewa, Issa Shivji akaandika kuhusu matabaka ya ndani ya nchi yetu wenyewe tena akiwa bado kijana mdogo, na vijana kama Yoweri Museveni walikuwa na kikundi chao cha mapinduzi na jarida lao la Cheche. Mwaka 1970 serikali ikavifunga vyote viwili, kikundi na jarida. Kwa hiyo Dar inakupa vitu viwili kwa pamoja, ujasiri wa kuuliza maswali makubwa, na kumbukumbu kwamba dola iko karibu.

Makerere bei yake ilikuwa damu. Mwaka 1972 makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na watu wa Idi Amin na hakurudi. Ali Mazrui ambaye alikuwa anajaza ukumbi mpaka watu wanasimama madirishani aliondoka, wahadhiri wa Kiasia na wa kigeni wakaondoka, na chuo kilichokuwa kinasifika Afrika nzima kikabaki na walimu wachache wanaofundisha bila chaki wala vitabu. Ajabu ni kwamba hakikufa. Wapo waliobaki wakaendelea kusahihisha mitihani, na mimi nikiulizwa thamani kuu ya Makerere ni nini nasema ni hiyo, uvumilivu. Hata Septemba 2020 jengo kuu lao lile jeupe lilipoungua usiku, nilikuwa na rafiki Kampala ananitumia picha kwenye wasapu moja baada ya moja, paa linaanguka, na asubuhi watu wamesimama nje wanalia kama msibani. Limejengwa upya na linasimama leo.

Nairobi naipimia kwa mtu mmoja, Wangari Maathai. Alichukua PhD pale 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kuwa nayo, akafundisha anatomia ya wanyama, akaongoza idara. Mwaka 1982 akajiuzulu kazi ili agombee ubunge, akaenguliwa kabla ya kura, akarudi kuomba kazi yake, chuo kikakataa na nyumba ya chuo ikabidi atoke. Mwaka huohuo baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti chuo kikafungwa kwa zaidi ya mwaka, na kiongozi wa wanafunzi Titus Adungosi akafungwa miaka kumi, akafia gerezani 1988. Maathai akapata Nobeli 2004, na leo chuo hichohicho kina taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake. Nairobi inakwambia kwamba chuo kinaweza kumkosea mtu na baadaye kikakubali kwa vitendo, sio vyuo vingi vinafanya hivyo.

Haya, utafiti wenyewe sasa, ndo penyewe.

Kama swali lako ni la magonjwa ya binadamu, hasa ya kuambukiza na saratani, mimi moyo wangu unaelekea Makerere na hospitali yake ya Mulago. Sikiliza hii. Miaka ya 1950 daktari mmoja wa upasuaji pale, Denis Burkitt, alikuwa anaona watoto wanaletwa na uvimbe mkubwa wa taya, pande zote mbili za uso, wadogo wa miaka mitano, sita, saba. Akaandika mwaka 1958, afu akachukua gari na wenzake wawili wakazunguka maelfu ya maili kuuliza kwenye hospitali za wilaya, ugonjwa huu mnauona, hamuuoni? Wakachora ramani. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa London kwa ndege, na kuna mzigo mmoja ndege yake iligeuziwa mji mwingine sababu ya ukungu, ulipofika maji yake yamekuwa machafumachafu, mtu mwingine angetupa akisema imeoza, watafiti wa London wakatia tone kwenye darubini wakakuta chembe hai zinaelea. Kutokana na zile chembe ndo 1964 wakatangaza kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Ugunduzi huo ulianzia kwa mtoto wa Uganda. Mpwa wangu alivyosikia hiyo akasema "mjomba nimesisimka", na mimi husisimka kila nikiisimulia.

Na haikuishia zamani. Rakai, kusini mwa Uganda, Makerere na wenzao wamekuwa wakifuatilia vijiji vilevile kuhusu UKIMWI tangu 1988, nyumba kwa nyumba, mwaka hadi mwaka. Hapo na Nairobi inaingia kwa heshima yake, maana utafiti wa tohara ulifanyika sehemu mbili sambamba, Rakai kwa Makerere na Kisumu kwa Nairobi, matokeo yakatoka pamoja Februari 2007 yakionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa VVU kwa takribani nusu au zaidi. Zile kampeni za tohara tulizoziona Iringa na Njombe zimetokana na hapo. Na Nairobi pia ina ile kazi ya mtaa wa Majengo, Pumwani, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada tangu miaka ya 1980, ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono ambao wamekutana na virusi mara nyingi na baadhi yao hawaambukizwi, na swali la "kwa nini hawa?" ndo lilizaa majaribio ya chanjo pale Nairobi kuanzia 2001. Kwa hiyo kwa magonjwa Makerere na Nairobi wanakimbia bega kwa bega, ila kama unataka data ya vijiji ya miaka mingi nenda Makerere, kama unataka kinga ya mwili na chanjo angalia Nairobi vizuri. Mlimani kwa udaktari usiende kwa sababu ya historia, historia ile ilihamia Muhimbili ambayo ni chuo kikuu chenyewe tangu 2007. Na kilimo vilevile, kitivo cha Morogoro cha 1969 ndo SUA ya leo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu 1984 wanajitegemea. Najua siku hizi Mlimani wamerudisha afya na kilimo, ni vitivo vichanga, uliza sana kabla ya kuingia.

Kama swali lako ni lugha, historia, sheria, ardhi au bahari, basi Dar, na hapa sibabaiki. Kwa Kiswahili hakuna mjadala, ile kamati ya lugha ya 1930 ilihamahama, kuna wakati ilikaa Makerere, kuna wakati Mombasa, mpaka 1964 ikaingia chuo cha Dar na kuwa TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, leo TATAKI, kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ilitoka humo, na unaweza kuandika tasnifu yako yote kwa Kiswahili, kuanzia dhana mpaka shukrani kwa mama, ukaitetea kwa Kiswahili mbele ya jopo. Wanaodhani sayansi ya jamii ni lazima ifikiriwe kwa Kiingereza wakakae siku moja kwenye utetezi wa pale.

Bahari nako watu wanasahau. UDSM wana Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar tangu 1978. Mfano wangu wa siku zote ni mwani. Profesa Keto Mshigeni, mwanabotania wa Mlimani, alikuwa anasoma mwani wa pwani yetu miaka ambayo watu wanamshangaa mtu mzima anaokota majani ya baharini, na kilimo cha biashara kilipoanza Zanzibar 1989, Paje na Jambiani huko, kilikuta elimu ipo. Nenda Paje maji yakiwa yamekupwa uone, wanawake wameinama kwenye kamba, wamefunga vishada kimojakimoja, kanga zimelowa mpaka magotini, afu kumbuka kwamba hii hela ya shule ya watoto ilianzia kwenye daftari la mtafiti. Na sasa bahari imepata joto, mwani ule wenye bei nzuri unakufa kwenye maji ya kina kifupi, na watafiti wa taasisi ileile wako na wakina mama wanajaribu kuupandisha kwenye kina kirefu. Swali halijaisha, kuna nafasi ya vijana humo.

Wanyama, wadudu, mazingira, hapo Nairobi imejaaliwa. Utabibu wa mifugo ulihamishwa toka Makerere kwenda Kabete 1962 na umekaa hapo toka siku hizo. Jirani yake kuna ILRI ya mifugo, kuna ICIPE ya wadudu ambayo Profesa Thomas Odhiambo aliianzisha 1970 akiwa mwalimu wa chuo hichohicho, kuna UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kule Gigiri. Mwanafunzi wa Nairobi anaweza akawa na msimamizi mmoja chuoni na mwingine ILRI, maabara akatumia ya kule, na hiyo ni faida ambayo Dar na Kampala hazina kwa kiwango hicho. Shida yake ni kwamba taasisi kubwa kama hizo zinaweza kukumeza, ukajikuta unafanya kipande kidogo cha swali la mtu mwingine, wewe unakusanya sampuli mwenzako anaandika makala. Uliza mapema jina lako litakaa wapi.

Pesa niseme kidogo. Vyuo vyote vilipitia kipindi kigumu serikali zilipopunguza ruzuku, Makerere ikafungua madarasa ya jioni ya kulipia miaka ya 1990, Nairobi ikaleta ile module two, mpango wa wanafunzi wa kujilipia, 1998, na ndo madarasa yakafurika, mwalimu anafundisha asubuhi, mchana na usiku, utafiti anafanya saa ngapi? Athari yake bado ipo. Wasweden walisaidia sana Makerere na Dar kusomesha wahadhiri mpaka PhD. Kilichonifurahisha mimi ni Uganda mwaka wa fedha 2019/20 kutenga bilioni 30 za shilingi zao kwa mfuko wa utafiti wa Makerere, hela ya kwao wenyewe, kwa sababu anayetoa hela ndo anayechagua swali. Tanzania nako kuna ule mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, wa dola milioni 425, huo ni mkopo wa Benki ya Dunia na sehemu kubwa inaenda kwenye majengo, maabara na kusomesha wahadhiri, kwa hiyo miaka hii Mlimani utakuta vumbi la ujenzi na vifaa vipya kwa wakati mmoja. Ada sitaji maana zinabadilika, ila kwa Mtanzania anayeenda nje uliza kwa maandishi kama wanakuhesabu mwana Afrika Mashariki au mgeni, tofauti yake inaweza kuwa kubwa.

Maisha ya kila siku? Mlimani kuna nafasi, miti, tumbili wanaoiba ndizi dirishani, na ile maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 inayochukua watu 2,100 kwa mpigo. Ila kwa mtafiti hazina iko kwenye mkusanyo wa East Africana, kuna makaratasi ya Hans Cory aliyezunguka Usukumani na Uhaya akiandika sheria za kimila, unafungua unakuta imepigwa taipu, pembeni kuna masahihisho ya kalamu, unasoma mambo ya mahari na mipaka ya mashamba ambayo bibi yako bado anayasema hivyohivyo. Makerere ni kilima chenye kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara, wamekaa juu ya miti kama maprofesa wastaafu, ukishuka Wandegeya usiku unapata rolex ya moto, chapati na mayai, kwa hela ndogo, na ndo mji ambao mimi niliona mwanafunzi wa hela kidogo anaishi kwa amani zaidi. Nairobi ni ghali na ina kasi, kampasi zimetawanyika, Chiromo huku, Kabete kule, ila huyo mtu unayetaka kumhoji serikalini au shirika la kimataifa yuko umbali wa matatu moja.

Vibali vya utafiti navyo msivisahau kwenye ratiba, vinatolewa na taasisi za serikali, Tanzania ni COSTECH, Uganda UNCST, Kenya NACOSTI, na kama unagusa watu au wanyama kuna kibali cha maadili kabla ya hapo. Ukisoma nchi moja na kukusanya data nchi nyingine unaweza ukavitafuta mara mbili.

La mwisho ndo linaloniuma. Mimi sura yangu ya tatu ilikaa mezani kwa msimamizi wangu miezi saba. Saba. Chuo sitakitaja wala mtu sitamtaja. Nilikuwa naenda ofisini kila Jumatatu, nakaa kwenye benchi la nje, nalijua mpaka ule msumari uliochomoza upande wa kushoto, na siku naenda kuichukua nikakuta karatasi iko palepale nilipoiweka, imepigwa vumbi, haina hata alama moja ya kalamu. Sikulia pale, nililia kwenye daladala. Baadaye idara ikanibadilishia msimamizi, mama mmoja mkali, akairudisha ndani ya siku tisa ikiwa nyekundu kila ukurasa, na huyo ndo aliyenifanya niwe mtafiti. Historia ya miaka 60 au 100 haitakusaidia kama mtu aliyepewa wewe hakusomi. Kwa hiyo kabla ya kulipa fomu, watafute wanafunzi wake watatu wa sasa hivi, waulize swali moja tu, ukimpelekea kazi inarudi baada ya muda gani? Wakianza kucheka kwanza kabla ya kujibu, umeshapata jibu.

Nikarudi kwa mpwa wangu. Nikamwambia acha vyuo kwanza, niambie kitu kimoja kinachokukera tangu utoto. Akafikiri, akasema ng'ombe wa babu. Babu yake upande wa baba anafuga Handeni, na kila msimu wa mvua ndama wanakufa kwa ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe, wanavimba tezi chini ya sikio, wanahema kama wamekimbia, siku chache wameenda. Chanjo ipo, ilitafitiwa palepale Muguga nje ya Nairobi miaka ya 1970, lakini inatunzwa kwenye naitrojeni ya kimiminika na mfugaji mdogo wa Handeni haimfikii kirahisi. "Kwa nini wa kwetu wanakufa wakati dawa iliumbwa jirani?" Nikamwambia umesikia ulivyosema? Hilo ndo swali, na swali hilo lina kwao. Kwao ni Kabete, na kama hela ikigoma basi SUA Morogoro ambao wana kitivo kizuri cha mifugo na wako karibu na ng'ombe wenyewe.

Ameshaandika imeili kwa wasimamizi wawili Kabete na mmoja Morogoro. Wa Morogoro kajibu siku ya nne, kamuuliza babu ana ndama wangapi na anaogesha kila baada ya siku ngapi. Sasa hivi mpwa wangu yuko sebuleni kwangu na daftari, kamuweka babu yake kwenye spika, na mzee anahesabu kwa majina, Kijivu, Mapembe, Bahati, yule wa Bahati aliyekufa Aprili.